Maji ya Nyumba Arobaini na Moja

Mstari ule niliuandika mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nikisimulia habari hizi wapo wanaonionea huruma, wanasema kosa lilikuwa la seva, au la vishikwambi vikuukuu, au la yule mtu wa zamani aliyebuni amri zenyewe. Hapana. Amri zilikuwa na maelezo yake, maelezo nilikuwa nayo mezani, na sikuyasoma hadi mwisho kwa sababu nilijiona najua.

Jumatatu asubuhi Mwenyekiti Senkondo aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake. Ofisi yangu ni chumba cha zamani cha chanjo, pale zahanati. Kuna friji ambalo halijagandisha kitu tangu sijazaliwa, kuna meza, na kuna seva ya kijiji cha Kirangwa, ambayo nimeilea kuliko nilivyowahi kulea kitu kingine.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Nzuri, Mwenyekiti. Karibu ukae."

"Sikai. Nichapishie rekodi za nyumba arobaini na moja. Misimu yote mitatu."

Nikamwuliza za nini, ingawa nilishajua. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa mfereji, na sheria yetu inasema shamba lisilozaa misimu mitatu mfululizo linarudi kamatini, apewe mwenye kuliweza. Nyumba arobaini na moja ni ya Kiangi na mkewe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Nanzia. Msimu wa kwanza mahindi yao yalikauka yakiwa yamefika kifuani. Wa pili yalikauka yakiwa magotini. Wa tatu Kiangi hakuwepo tena. Alikuwa ameshuka tambarare kutafuta kazi kwenye kiwanda cha mkonge, na mkewe alipanda peke yake akavuna magunzi.

"Inasikitisha," Senkondo alisema. "Lakini ukurasa unasema wanapata dakika arobaini kila zamu, kama nyumba nyingine yoyote. Maji wanapewa. Wanayafanyia nini, wanajua wenyewe."

Alipokuwa akisema hayo alikuwa anausugua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu. Viwili alivipoteza kwenye lango la ndiva mwaka ule watu walipopigania maji kwa mapanga, na mdogo wake alifia palepale. Ndiyo sababu leo hakuna anayegusa lango kwa mkono. Ndiva, bwawa letu la kuchimba ambalo babu zetu walilifungua na kulifunga kwa magogo na udongo, sasa lina malango ya chuma yenye mota, na mota hizo zinasikiliza kitu kimoja tu, nacho ni ukurasa. Zamu yako ikifika unafungua ukurasa wa nyumba yako, unabonyeza OMBA, lango linafunguka. Dakika zako zikiisha linajifunga. Kwa miaka kumi na tisa hatujazika mtu kwa ajili ya maji.

Alipoondoka nikafungua daftari la seva. Ukurasa unaonyesha haki ya kila nyumba. Daftari linaonyesha nani hasa aliomba nini, saa ngapi, kupitia mnara upi wa redio. Sikuwa nimelifungua kwa miaka. Nani hupekua daftari wakati hakuna ugomvi?

Kila siku ya zamu yake, nyumba arobaini na moja ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulitoka mnara wa tambarare, saa kumi na mbili asubuhi, wa kusoma tu bila kuomba chochote. Huyo alikuwa Kiangi, aliyeshuka na kishikwambi cha pili cha nyumba hiyo, nilimjua mara moja. Mwaka mzima na nusu yuko mbali na shamba lake, na kila siku ya zamu anafungua ukurasa wa nyumba yake kuutazama. Mistari miwili iliyobaki ilikuwa ya kuomba maji, yote kutoka mnara wetu wa hapa, ikipishana dakika tano.

Nyumba moja, maombi mawili. Skripti ya mgao, ambayo pia niliiandika mimi, ina kipengele nilichojivunia sana: nyumba yenye mashamba mawili ikiomba kwa malango mawili, dakika zake zinagawanywa nusu kwa nusu. Lakini nyumba arobaini na moja haina shamba la pili.

Wazo langu la kwanza lilikuwa baya. Nilidhani Mama Nanzia anamgawia mtu zamu yake kwa siri, jambo ambalo ni kosa kubwa kwetu. Nikajiambia nitakwenda nimkamate.

*

Jumanne, siku ya zamu yake, nilifika kwake kabla ya saa moja, nikisingizia kukagua mnara. Alinipa chai. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na hakuniuliza kwa nini fundi anakagua mnara akiwa amekaa jikoni kwake.

Saa moja kamili alichukua kishikwambi chake ukutani, akabonyeza OMBA, akatoka na jembe kuyapokea maji. Dakika chache baadaye nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwajabu wa mfereji wa chini.

"Shikamoo, Mama Nanzia. Nimekuja kupalia."

"Marahaba. Kichukue, kiko jikoni."

Kupalia kwetu ni kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto uwashe jiko lako. Hakuna mtu mlimani hapa anayemnyima mwenzake moto, hata kama wamegombana, hata kama kuni ni za mwisho. Mama Nanzia na Mwajabu waliliita hivyo kwa utani jambo la kuazimana kishikwambi, na mimi nilikaa pale na kikombe changu nikitazama utani huo ukitendeka.

Watu wa chini ni nyumba kumi na nane zilizopanda kutoka tambarare visima vyao vilipogeuka chumvi. Kamati iliwapa fungu moja la pamoja, dakika kumi na mbili, na ukurasa mmoja wa pamoja, Ukurasa wa Wageni. Niliutengeneza mimi. Walikuwa na kishikwambi kimoja, na betri yake ilikufa wiki ya pili. Tangu siku hiyo Mwajabu, ambaye wenzake walimkabidhi kazi ya kuomba maji, alikuwa anapanda kwa Mama Nanzia kila zamu. Alifungua Ukurasa wa Wageni mbele ya macho yangu. Wake kabisa, halali kabisa. Akabonyeza OMBA, akakirudisha kishikwambi mahali pake, akaniambia, "Fundi, Mungu akulipe kwa ukurasa huu," akaenda zake.

Zilipotimia dakika ishirini tu nikasikia huko nje Mama Nanzia ameacha kulima. Maji yalikuwa yamekatika katikati ya tuta.

Nikaelewa. Vishikwambi vyetu havina nguvu ya kufikiri, vinaweza kuonyesha tu, kwa hiyo kila kitu kinapikwa kwenye seva. Ndani ya ukurasa kuna mistari ya amri ambayo msomaji haioni. Seva ikiufikia mstari kama huo inaita skripti, inaweka jibu la skripti mahali pa amri, kisha inautuma ukurasa ukiwa umeiva. Na kila kishikwambi, kikiomba ukurasa wowote ule, huongeza mkia kwenye anwani: alama ya kuuliza, kisha namba ya nyumba kilikosajiliwa. Ndivyo seva inavyojua ni nani anayeuliza.

Katika Ukurasa wa Wageni sikutaka kutegemea mkia. Nilitaka yeyote akiufungua, kwa kishikwambi chochote, maji yahesabiwe kwenye fungu la wageni. Kwa hiyo niliandika mwenyewe, ndani ya ukurasa:

tekeleza mgao?nyumba=wageni

Sasa, ziko amri mbili za kuita skripti. Ile ya jumuisha huipelekea skripti maneno uliyoiandikia palepale. Ile ya tekeleza haiyabebi maneno hayo kabisa. Yenyewe huiacha skripti irithi mkia wa ukurasa uliofunguliwa, mkia wa kishikwambi cha mwenye kuuliza. Mimi nilitumia tekeleza kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Lile neno "wageni" nililoliandika kwa mkono wangu halikuwahi kufika popote. Na nilipoujaribu ukurasa siku ya kwanza ulifanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu niliujaribu kwa kishikwambi chao wenyewe, ambacho mkia wake ulikuwa wageni. Jibu lilikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, nami nikafunga mkoba nikaenda nyumbani kula.

Kwa hiyo kila Mwajabu alipobonyeza, skripti ilisikia nyumba arobaini na moja. Ikafungua lango la chini, ndilo lango la ukurasa ule, kwa nusu ya maji ya Mama Nanzia. Kwa misimu mitatu yule mama alimpa jirani yake moto, na maji yake yakaenda pamoja nao bila yeyote kati yao kujua.

Lakini baya zaidi si hilo. Ni kwamba Kiangi alikuja kwangu mara tatu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi akasema maji yanakatika katikati. Mara zote tatu nilifungua ukurasa wake nikamwonyesha namba arobaini, na mara ya tatu, kwa kuchoka, nilimwambia, "Ukurasa haudanganyi, Baba Nanzia. Kaangalie mfereji wako." Akaenda akaujengea mfereji wake mawe mwanzo hadi mwisho, peke yake. Maji yakaendelea kukatika. Siku ya msaragambo, tulipokusanyika wote kuzibua mfereji mkuu, Senkondo alimwita mvivu mbele ya watu, na watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwepo. Wiki ile ile akashuka tambarare.

*

Senkondo nilimkuta anapalilia tangawizi. Alinisikiliza bila kuacha jembe, hadi nilipofika mahali pa nusu kwa nusu. Hapo akaketi kwenye ukingo wa mfereji.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi irekebishe leo. Alhamisi nitaahirisha suala la shamba, nitasema rekodi hazijakamilika. Msimu ujao Mama Nanzia atavuna, na hakuna atakayeuliza."

"Na Kiangi?"

"Atasikia mkewe amevuna, atarudi."

"Atarudi akiwa mvivu aliyeokolewa na mkewe. Ulimwita mvivu hadharani, Mwenyekiti. Nami nilinyamaza."

Alitazama mkono wake. Nadhani hakujua kwamba anautazama.

"Nakundwa," alisema, na ni nadra aniite kwa jina. "Unajua kwa nini watu wanalitii lile lango? Si kwamba wanaupenda ukurasa wako. Wanalitii kwa sababu ukurasa hauna shemeji. Haumjui mtu. Ukisimama Alhamisi useme umekosea misimu mitatu, Ijumaa kila aliyevuna kidogo atakuja na malalamiko yake, na Jumamosi atakuja na panga. Mimi nimeshazika mmoja. Wewe ulikuwa mtoto, hukuiona damu ndani ya maji."

Hadi leo siwezi kusema alikuwa anajitetea tu. Mtu anayeogopa panga akiwa na vidole vitatu, hofu yake ina heshima yake.

"Tena wale wa chini," akaendelea. "Ukirekebisha, watapata ngapi?"

"Zile zao kumi na mbili."

"Badala ya ishirini. Mahindi yao yako wapi sasa?"

"Yanatoa mbelewele wiki hii."

"Unaona." Akasimama, akaushika mpini wa jembe. "Nyumba kumi na nane. Utawakausha wiki ya mbelewele ili wewe ulale vizuri."

Niliondoka pale nikiwa na hasira naye kwa sababu alikuwa amesema kweli mbili, na zote mbili zilikuwa upande wake. Kunyamaza kungelinda amani, na kurekebisha kimyakimya kungemrudishia Mama Nanzia maji. Kilichokuwa kinapotea ni jina la mtu mmoja aliyeko mbali, na jina halina uzito ukiliweka karibu na njaa. Nilijiambia hivyo njia nzima. Kisha nilipofika ofisini nikaona tena ule mstari wa mnara wa tambarare, saa kumi na mbili, kusoma tu.

*

Jumatano mchana nilikwenda kwa Mama Nanzia. Alikuwa anachambua majani ya maboga, na aliendelea kuchambua wakati wote niliokuwa naongea. Nilimweleza yote, kwa maneno ya kawaida, bila kujificha nyuma ya seva. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Baba Nanzia alikuja kwako mara ngapi?"

"Tatu."

"Aliniambia mbili. Ya tatu hakuniambia." Akatoa nyuzi za jani moja polepole, kutoka kwenye kikonyo hadi ncha. "Nilimsema sana yule mzee. Nilimwambia labda kweli hachimbi vizuri."

Nikataka kusema samahani, nikasema. Alipokea kwa kuinamisha kichwa, bila kusema kwamba si kitu. Sikustahili zaidi ya hapo.

"Mwenyekiti anataka nirekebishe kimya," nikamwambia. "Nisiseme kitu mkutanoni. Shamba halitachukuliwa."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka wewe uniambie."

"Usinitwishe mimi," alisema, bado bila kupaza sauti. "Mstari ni wako. Baba Nanzia alisemwa pale ndivani, mbele ya watu. Kama ni kusafishwa, asafishwe palepale. Lakini sikutumi. Ukienda uende kwa miguu yako."

Kisha akauliza kitu ambacho mimi, fundi mzima, sikuwa nimejiuliza.

"Kama Mwajabu alikuwa anakunywa kwangu, zile dakika zao kumi na mbili zilikuwa zinakwenda wapi?"

Fungu la wageni halikuwahi kuombwa hata mara moja tangu ile wiki ya pili.

"Hazikwenda popote," nikasema. "Zilibaki ndivani. Zilikuwa zinamwagika pembeni."

"Ndiyo maana kamati ilikuwa inajisifu kwamba ndiva haishuki." Akayaweka majani kwenye sufuria. "Haya, nenda ukajiandae. Na kesho uje na rekodi za watu wote, si zangu tu."

*

Mkutano wa mfereji hufanyika ukingoni mwa ndiva, watu wamesimama, kwa sababu babu zetu waliamini mtu akikaa anaongea sana. Nilibandika rekodi za nyumba zote ubaoni, karatasi sitini na mbili, kabla hata Senkondo hajafika. Alipoziona alinitazama kwa muda, kisha akafungua mkutano. Alipofika kwenye ajenda ya shamba la nyumba arobaini na moja, nikaomba nafasi, naye hakuninyima.

Nilisema. Niliwaeleza mkia, na mstari, na neno ambalo halikufika. Niliwaambia Kiangi alikuja mara tatu na nilichomjibu mara ya tatu. Nilipomaliza nilisikia maji yakimwagika pembeni mwa ndiva, zile dakika kumi na mbili.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzirai wa mfereji wa juu, mtu mwenye maneno mengi na mavuno machache. "Basi na mimi nataka za kwangu zikaguliwe."

"Ziko ubaoni, namba kumi na saba," nikamwambia. "Za kila mtu ziko ubaoni. Asiyeelewa, nitamsomea."

Akaenda kutazama. Wengine wakamfuata. Senkondo alisimama huku akiwahesabu kwa macho, nami nikajua anatafuta mikono iliyoficha panga. Watu walisoma kwa vidole, wakaulizana, wakarudi mmoja mmoja. Mzirai alirudi akiwa mpole kidogo, maana namba kumi na saba ilikuwa imepata maji yake yote.

Kisha Mwajabu akasogea mbele. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa kazi au kwa ugomvi.

"Kwa hiyo mimi mwizi," alisema.

"Hapana, Bi Mwajabu. Wewe ulifungua ukurasa wako."

"Sikuulizi wewe." Alikuwa anamtazama Mama Nanzia. "Msimu uliopita nilikuletea mahindi mabichi. Unakumbuka? Kikapu kizima. Nilikuonea huruma, nikasema jirani yangu hakupata kitu. Nikakupa mahindi yaliyoota kwa maji yako, ukanishukuru."

"Yalikuwa matamu," Mama Nanzia alisema.

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma, kisha akaona haya. Mwajabu alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Alisema watarudi kwenye kumi na mbili zao leo hii, na kama mahindi yatakufa yatakufa, watu wa chini hawakupanda mlima huu ili waitwe wezi wa maji. Wenzake nyuma yake waliinamisha vichwa. Wote walijua mbelewele zikikauka hakuna punje.

"Fundi," Mama Nanzia akaita. "Hiyo amri nyingine, ile uliyotakiwa kuitumia. Inapeleka kile kilichoandikwa?"

"Inapeleka kile kilichoandikwa, na si kingine."

"Basi iandike hapa, tuione."

Nikafungua kishikwambi changu cha kazi mbele yao, nikawa nasoma kila neno kwa sauti huku nikiandika. Jumuisha mgao, nyumba ni wageni. Kumi na mbili zao, kwa jina lao.

"Chini yake andika mwingine," alisema. "Nyumba arobaini na moja. Dakika nane. Hadi mahindi ya chini yafunge punje."

"Mama Nanzia," Senkondo akaingilia, "hulazimiki. Na wewe umepanda."

"Kumi na mbili na nane ni ishirini, wamezoea ishirini. Mimi nabaki na thelathini na mbili, na sijawahi kuziona thelathini na mbili kwa misimu mitatu. Nitazifanyia sherehe." Akanigeukia. "Andika. Na jina langu liwepo, atakayefungua alione. Maji yangu yakienda kwa mtu, yaende nikiwa najua."

Nikaandika, nikasoma. Mwajabu hakusema ahsante. Alisema, "Mfereji wako umejaa majani. Jumamosi tunakuja kumi na nane kuuzibua," na Mama Nanzia akamjibu kwamba waje na majembe yao, yake ni moja.

Senkondo ndiye aliyefunga. Alisema tangu siku hiyo fundi haandiki mstari peke yake, kila mstari utasomwa kwa sauti siku ya msaragambo kabla haujaingia, hata kama wasikilizaji hawaelewi nusu yake. Alisema fundi atachimba mfereji wa nyumba arobaini na moja msimu mzima. Nilikubali vyote. Watu wakadhani amemaliza, wakaanza kuchukua majembe yao.

"Na mimi nilimwita mvivu," alisema. "Pale, karibu na lile jiwe. Nimekosa."

Kabla hatujatawanyika niliomba ruhusa ya kuandika mstari mmoja zaidi, juu kabisa ya ukurasa wa nyumba arobaini na moja. Niliusoma kwa sauti kama walivyotaka: Baba Nanzia, ulikuja mara tatu. Maji yalikuwa yanakatika kama ulivyosema. Kosa lilikuwa kwenye mstari niliouandika mimi. Mkutano wote umesikia. Shamba ni lenu. Nakundwa.

*

Jumamosi nilikuwa kwenye mfereji wake kabla ya jua kupanda vizuri, suruali imekunjwa, nikichimba vibaya. Mama Nanzia alikuwa anachimba mbele yangu, na mara mbili aligeuka akarekebisha nilichokwisha chimba. Mawe ya Kiangi yalikuwa bado yamepangwa, moja kwa moja, bila pengo hata moja. Watu wa chini walikuwa wanapanda kijia na majembe. Mwajabu alitangulia, akasimama ukingoni.

"Nimekuja kupalia," alisema.

"Subiri niombe kwanza, saa moja haijafika," Mama Nanzia akamjibu. "Kishikwambi kiko jikoni."

Hakupata hata nafasi ya kwenda jikoni. Tulisikia lango la juu likilia kwa chuma, kisha maji yakaja, ya rangi ya udongo mwanzoni, yakapita katikati ya mawe na kufika kwenye vifundo vya miguu yetu. Mama Nanzia alimtazama Mwajabu, na Mwajabu akaonyesha viganja vyake vitupu.

"Nani ameomba?"

Nikafuta mikono kwenye shati, nikafungua daftari kwenye kishikwambi changu. Mnara wa tambarare. Nyumba arobaini na moja ilikuwa imefunguliwa saa kumi na mbili kamili, kusoma tu, kama siku zote. Halafu ikafunguliwa tena, na tena, mara tisa, kila mara kusoma. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kuomba maji, saa moja, bila dakika kuzidi wala kupungua. Nikamsomea.

Alisimama ndani ya maji, jembe begani, akatazama upande wa tambarare ambako hakuna kinachoonekana kutokea hapa isipokuwa vumbi. 

"Hajasahau zamu," alisema, kisha akainama akafungua tuta la kwanza.